Udongo Unaoshika Maji

Goreth aliamka kabla treni ya kwanza haijapita Jeppestown, mtaa wa Johannesburg. Alichemsha chai, akafunga kilemba, akamgusa mumewe begani.

"Baba Belyse, mimi natangulia shambani. Mtoto umfikishe shuleni."

"Sawa," alijibu Léonce, macho bado ameyafumba. "Usisahau kula."

Shamba lenyewe lilikuwa uwanja wa nyuma ya kanisa lao. Urefu wake ulikuwa hatua thelathini, upana hatua ishirini. Mwaka 2008 uwanja huo ulikuwa umejaa chupa zilizovunjika na vipande vya matofali. Goreth aliwaomba wazee wa kanisa, wakamruhusu. Yeye na Léonce waliokota takataka zile kwa mikono, mwezi mzima. Kisha akalima. Alipanda lengalenga, yaani mchicha, maharage na matembele. Kila Jumamosi alipanga mafungu yake kando ya barabara, karibu na robot, zile taa za kuongozea magari. Warundi, Wakongo na Watanzania walimjua. Wengine walitoka mbali wakaja kumtafuta yeye tu.

Goreth alikuwa mtoto wa mkulima. Alizaliwa Kirundo, kaskazini mwa Burundi, na alishika jembe akiwa na miaka sita. Johannesburg ilimfundisha mambo mengi kwa shida. Lakini kulima hakufundishwa na mtu. Hilo alikuja nalo.

Ndiyo maana Oktoba ya mwaka 2011 ilimuumiza sana.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni moja, kwa radi na kishindo. Kesho yake asubuhi Goreth alipanda, kama alivyofanya baba yake. Mvua ikigusa ardhi, mbegu nayo iingie. Miche ikaota. Halafu jua likawaka wiki tatu bila wingu. Miche ikakauka yote. Novemba alipanda tena. Safari hii hakungoja mawingu. Kila siku saa sita mchana alivuta mpira wa maji kutoka bomba la kanisa, akamwagia matuta mpaka yakang'aa. Ikifika jioni, udongo umepasuka. Miche ikaanza kulala chini.

Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Marcellin alimfuata nyuma ya kanisa. Yeye ndiye aliyesimamia majengo.

"Mama Belyse," alisema, "maji ya kanisa yanaisha kwenye mchanga huu, na mboga sizioni. Vijana wanataka uwanja uwe wa kuegesha magari. Nimewaambia wangoje hadi Pasaka. Kama hakuna kitu, itabidi uwaachie."

"Mzee, ni jua tu. Litapita."

"Mwaka jana pia ulisema ni jua."

Njiani kurudi nyumbani Léonce alijaribu kumtuliza.

"Tuache, mke wangu. Mimi nashona viti vya magari pale karakana. Tutaishi."

"Sijasema hatutaishi," Goreth alimjibu. "Nimesema mimi najua kulima. Sasa mbona sijui tena?"

Jumamosi iliyofuata alikuwa na mafungu manne tu. La mwisho alilichukua Ummi, mwanamke wa Tanga. Ummi alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alifanya kazi Midrand, kwenye kitalu cha miti na maua.

"Shoga, mchicha wako umekonda," Ummi alisema. "Kuna nini?"

Goreth alimweleza yote: mvua iliyodanganya, maji ya mchana, maneno ya Mzee Marcellin. Ummi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho sina kazi. Nitakuja niuone huo udongo."

Akaja kweli, mchana baada ya ibada. Mkononi alikuwa na kipande cha nondo, kirefu kama mkono wa mtu. Goreth alikuwa ametoka tu kumwagilia. Matuta yalikuwa yanang'aa.

"Udongo wako umelowa?" Ummi aliuliza.

"Unauona mwenyewe. Umelowa chepechepe."

Ummi aliisimamisha nondo kwenye tuta, akaisukuma chini. Iliingia urefu wa kidole, ikagoma. Akasukuma kwa nguvu. Haikwenda.

"Chukua jembe, dada. Chimba hapa."

Goreth alichimba. Juu palikuwa na tope. Chini ya tope palikuwa na udongo mgumu, uliovunjika kwa jembe ukawa vumbi kavu kama unga. Aliliokota, likampita katikati ya vidole. Wiki mbili alikuwa amemwagilia kila siku juu ya vumbi hilo, wala hakulijua.

"Mizizi inakunywa huku chini," Ummi alisema taratibu. "Maji unayomwaga saa sita yanabaki juu. Jua linayachukua kabla hayajashuka."

Goreth alisimama wima. Uso ulimwiva.

"Dada Ummi, mimi nimelima tangu nikiwa mtoto. Unataka kunifundisha kulima?"

"Hapana, sikufundishi kulima," Ummi alijibu bila kukasirika. "Umelima kuliko mimi. Mimi nakwambia udongo umebadilika. Ule wa baba yako ulikuwa na majani yaliyooza, mavi ya ng'ombe, kivuli cha migomba. Ulishika maji. Huu wa kwako ni mtupu na uko wazi juani. Na hali ya hewa nayo siyo ile. Pale kazini yuko mtaalamu anayepima unyevu wa udongo. Anasema joto linapanda kadiri miaka inavyokwenda. Hewa ya joto hunyonya maji zaidi kutoka ardhini. Kwa hiyo hata mvua ikiwa ile ile, udongo unabaki na maji machache. Sasa ongeza mvua inayochelewa, au inayonyesha siku moja kisha ikapotea."

Goreth alimkumbuka kaka yake, Ignace, aliyebaki Kirundo. Kila akipiga simu, Ignace alisema jambo hilo hilo. Mvua haijulikani tena. Maharage yanakauka kabla ya kutoa maua. Goreth alikuwa akifikiri ni bahati mbaya ya Kirundo peke yake.

"Basi ukame unaanza lini?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Mimi nilidhani unaanza siku mvua inapokosekana."

"Unaanza kabla. Unaanza pale udongo unaposhindwa kuweka akiba."

"Nifanye nini?"

Waliketi kwenye matofali mawili, wakapanga. Kwanza, chakula cha udongo. Sokoni kila jioni watu walitupa majani ya kabichi na maganda. Hayo yangerundikwa pamoja na nyasi kavu na samadi, yaoze, yawe mboji. Pili, matandazo. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu, jua lisiuguse. Tatu, maji. Amwagilie asubuhi na mapema, mara mbili tu kwa wiki, lakini taratibu na kwa muda mrefu, mpaka maji yashuke. Na paa la kanisa lilikuwa kubwa. Mvua yake yote ilikimbilia barabarani.

"La mwisho ni hili," Ummi alisema, akamkabidhi nondo. "Usipande kwa sababu mvua imenyesha. Panda nondo ikizama shibiri moja. Ipime kila Jumamosi, uandike. Macho yanaona juu tu."

Léonce alipoambiwa alitikisa kichwa.

"Nyasi tunazing'oa miaka yote, leo tuzirudishe juu ya matuta? Mais non, hapana! Zitaleta wadudu."

"Basi tugawane," Goreth alisema. "Matuta manne yangu, manne yako. Wewe fanya kama zamani."

Léonce alicheka. "Sharp, sawa. Tutaona."

Kazi ikaanza. Goreth alibeba majani ya sokoni kwa gunia. Ummi alileta nyasi zilizokatwa kwenye bustani za Midrand, kwenye gari la rafiki yake. Mboji haikuharakishwa. Kwa wiki nyingi Goreth aliigeuza kwa uma. Ilipokuwa nyeusi na kunukia kama msitu baada ya mvua, aliichanganya kwenye matuta yake manne. Alimwomba Mzee Marcellin mapipa mawili yaliyokuwa yamelala bure, akayaweka chini ya paa. Mwanzoni mwa Januari mvua ilinyesha siku tatu. Jumamosi alichoma nondo. Ilizama shibiri moja na zaidi. Ndipo alipopanda, akatandaza nyasi katikati ya mistari. Léonce naye alipanda siku hiyo hiyo, bila nyasi wala mboji.

Siku kumi za kwanza, matuta ya Léonce yalikuwa mazuri zaidi.

"Umeona?" alimtania mkewe.

Kisha jua likarudi. Wiki ya kwanza, hakuna mvua. Wiki ya pili, hakuna. Lami ya Jeppestown iliwaka, watu wakatembea upande wenye kivuli. Goreth alimwagilia Jumanne na Ijumaa alfajiri, kwa maji ya mapipa. Léonce alimwagilia kila mchana. Wiki ya tatu, majani yake yaligeuka manjano, yakajikunja, yakaanguka.

Ya Goreth yalisimama.

Ijumaa hiyo Léonce alipiga magoti kati ya matuta. Akafunua nyasi kwa vidole, akaingiza mkono. Chini palikuwa baridi. Udongo ulimganda viganjani, mweusi, na nyungunyungu mmoja akajinyonganyonga akikimbia mwanga.

"Mama Belyse," alisema, "nipe nyasi za yale matuta yangu manne. Nikuoneshe jinsi ya kutandaza."

Wote wawili wakacheka mpaka Goreth akashika ukuta.

Pasaka ilipofika, lengalenga zilifika magotini na maharage yalikuwa yamebeba. Mzee Marcellin alikuja mwenyewe na vijana wawili. Goreth alimpa mzee nondo. Mzee aliisukuma kwa mashaka, ikashuka kama kisu kwenye ugali wa moto. Akaitoa, akaipima kwa mkono wake, akawatazama vijana.

"Magari yenu tafuteni pa kuyaweka," alisema.

Tangu hapo Goreth hakuacha kupima. Jioni alisoma darasa la watu wazima pale kanisani, kwa kuwa shule aliacha mapema. Kila Jumamosi aliandika daftarini kwa mkono wake mwenyewe: tarehe, mvua, kina cha unyevu. Herufi zake za kwanza zilikuwa kubwa na zimepinda. Kadiri miezi ilivyopita zilinyooka. Alipomuuliza Ummi kama sasa amethibitisha kwamba hali ya hewa imebadilika, Ummi alimwambia ukweli.

"Miaka michache haitoshi, dada. Wataalamu hutazama miaka thelathini, na sehemu nyingi. Lakini daftari lako linakujulisha shamba lako. Na hilo hakuna mtaalamu anayelijua kukuzidi."

Wanawake sita wa kanisa walijifunza kwake. Ignace alijifunza kwa simu. Goreth alimsomea hatua moja moja, naye akatumia majani makavu ya migomba, na ufito badala ya nondo. Msimu uliofuata alipiga simu akiwa anapaza sauti kwa furaha. Majirani walipoteza maharage mengi. Yeye alivuna kiasi cha kula na mbegu ya kupanda tena.

"Wananiuliza nimejifunza wapi," Ignace alisema. "Nawaambia, kwa dada yangu, Johannesburg!"

Mwaka 2014 wanawake wale walitaka kiwanja kingine, kilichokaa wazi jirani na kanisa. Goreth na Mzee Marcellin walikwenda ofisi moja Marshalltown kuomba kibali. Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza anakoishi, akaandika.

"Kazi?"

Kwenye karatasi zote za miaka yake katika mji huu, Goreth alikuwa amejibu kwamba hana. Mzee Marcellin alifungua mdomo amsaidie. Goreth akamtangulia. Alilisema neno kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kizulu ili pasiwe na shaka.

"Umlimi. Mimi ni mkulima."

Karani aliinua kichwa. "Eish, mama! Mkulima, hapa katikati ya mji?"

Goreth alilifungua daftari, akalisogeza mbele yake. Jumamosi za miaka miwili na zaidi zilikuwa humo, mstari kwa mstari. Karani alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Haraka ilimtoka. Aliuliza shibiri ni nini, na Goreth akamwonesha kwa mkono wake, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

Kijana alichukua kalamu, akaandika. Kabla ya kutia sahihi, Goreth aliinama juu ya karatasi. Alilisoma neno lile herufi kwa herufi, mpaka mwisho, kuhakikisha limeandikwa sawasawa.