Shimo la Arobaini

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mkaguzi wa mambo ya kale. Kabla kiwanja hakijajengwa, yeye alitangulia: shimo moja kila hatua ishirini, la mraba, kuta zimenyooka kama za sanduku. Udongo anauchekecha akitafuta vigae au mifupa, kisha anajaza fomu. Kikipatikana kitu, ujenzi unasimama.

Kiwanja kile kilihitaji mashimo arobaini. Alichimba thelathini na tisa. La mwisho liliangukia kwenye kichaka cha miiba, na wingu lilikuwa limeshatanda. Akaandika "Hakuna kitu", akaenda zake nyumbani kula. Simlaumu. Nani hajawahi kuruka kitu kimoja kazini?

Ghorofa likajengwa. Wiki ile watu walipohamia, shimo likatokea barabarani, hatua ishirini kutoka ukutani. La mraba. Udongo wake umechekechwa, laini kama unga.

"Kumbe kuna mwenzako anakuzidi kwa unadhifu," dada akamtania.

Shemeji hakucheka.

Kila asubuhi likatokea lingine, hatua ishirini mbele, kuelekea kwao. Wakahama mtaa. Mstari ukakata kona, ukawafuata.

Akaenda ofisini kukiri. Karani alifungua faili, akalifunga.

"Mzee wangu, mle ndani watu wanalala. Unataka nikachimbe chini ya vitanda vyao?"

Alirudi, akahesabu hatua kutoka shimo la mwisho, lililofika getini kwao. Ya kumi na tisa ilimfikisha mlangoni mwa chumba. Ya ishirini, kitandani. Upande wake.

"Tuhame tena," dada akanong'ona.

"Twende wapi, mke wangu? Halipimi nyumba hili. Linanipima mimi."

Asubuhi alimwomba dada chai. Dada aliporudi na kikombe, kitanda kilikuwa kimesogezwa. Saruji imekatwa mraba. Udongo umechekechwa. Mume hayupo. Mlango wa nje ulikuwa bado na komeo, kwa ndani.

Dada aliniita, nikafika chai haijapoa. Juu ya udongo kulikuwa na ile fomu yake ya zamani. "Hakuna kitu" imefutwa kwa mstari mmoja. Chini yake, kwa mwandiko nisioujua: "Mwanamume mmoja."

Kando, kwenye mfuko kama ule aliohifadhia vigae, kulikuwa na miwani yake, aliyokuwa nayo usoni akiomba chai. Vioo vimefubaa kwa ukungu. Mizizi mikavu imejisokota kwenye fremu, kama miwani iliyokaa ardhini miaka mia mbili.