Chiku na Nyumba za Bwana Mkude

Chiku ana miaka mitano. Anaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Anaishi na baba, mama, na Mama mdogo Tunu. Mama mdogo Tunu ndiye anayemsuka Chiku nywele.

Sasa Mama mdogo Tunu ameolewa. Mumewe ni Baba mdogo Kondo. Wote wawili wanalala chumba cha nyuma, na chumba ni kidogo mno.

"Tunatafuta nyumba yetu," akasema Mama mdogo Tunu. "Twende wote, Chiku."

Chiku hakuipenda habari hiyo. Lakini akavaa viatu.

Njiani walimkuta Bwana Mkude, dalali. Kazi yake ni kuwaonyesha watu nyumba. Viatu vyake viling'aa. Maneno yake yaling'aa zaidi.

"Karibuni kwenye jumba," akasema Bwana Mkude.

Jumba lenyewe lilikuwa na bati lenye matundu. Mvua ilikuwa inanyesha. Ti, ti, ti.

"Humu hamtasikia joto," akasema Bwana Mkude. Tone likamwangukia puani. Ti.

Chiku akabetua midomo.
"Mfyuu. Hii nayo ni nyumba? Hili ni chujio."

"Chiku, usiwasonye wakubwa," akasema Mama mdogo Tunu. Lakini alikuwa anacheka ndani ya khanga yake.

Mvua ikakatika. Wakaenda nyumba ya pili. Ilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Dududududu.

"Hapa ni kimya kabisa," akasema Bwana Mkude.

"Unasemaje?" akauliza Baba mdogo Kondo.

"Nasema ni kimya."

"Sikusikii."

Dududududu. Unga ukawamwagikia vichwani. Wote wakawa weupe.

Chiku akabetua midomo.
"Mfyuu. Hii nayo ni nyumba? Hili ni gunia la unga."

Wakaenda nyumba ya tatu.

"Oneni jiko hilo," akasema Bwana Mkude. "Jiko la kifahari."

Mama mdogo Tunu akaingia jikoni. Baba mdogo Kondo akaingia pia. Wakakwama. Chiku akavuta, akavuta, mpaka wakatoka. Pwaa.

Chiku akabetua midomo.
"Mfyuu. Hii nayo ni nyumba? Hili ni kabati."

Safari hii Mama mdogo Tunu hakumkataza. Naye alisonya. "Mfyuu."

Bwana Mkude alichoka. Viatu vyake vilijaa matope. Akafungua mlango wa nyumba ya nne. Hii hakuisifu.

Bati lilikuwa zima. Bomba lilitoa maji. Chuuu. Dirishani ilionekana milima.

Mama mdogo Tunu akamtazama mumewe. Mumewe akatabasamu.

Chiku akakagua kila kona. Akagonga ukuta. Akachungulia chooni. Hakuona ubaya wowote.

Akabetua midomo. Midomo ikatetemeka.

"Hii nayo ni mbaya," akasema.

"Mbaya wapi?" akauliza Mama mdogo Tunu.

"Mimi simo."

Mama mdogo Tunu akachuchumaa mbele yake. "Ni kweli, humo. Wewe una nyumba yako, ya baba na mama."

"Na nani atanisuka?"

"Mimi. Kila Jumamosi utakuja. Nitakusuka, na utalala hapa."

"Hapa wapi?"

"Pale, chini ya dirisha," akasema Baba mdogo Kondo.

Chiku akaenda kusimama chini ya dirisha. Akafikiri.

"Basi," akasema. "Ichukueni."

Wakahamia. Jumamosi ikafika, na Chiku akaja.

Viti havikuwepo bado. Wakakaa kwenye mkeka, wakala wali na maharage.

Msichana wa nyumba ya jirani akaja mlangoni. Akatazama huku. Akatazama kule. Akabetua midomo.

"Hamna hata kiti," akasema.

Chiku akasimama. Akashika kiuno.

"Hii ni nyumba ya mama yangu mdogo," akasema. "Sisi tunakaa kwenye mkeka. Ukitaka, vua ndala uingie."

Msichana akavua ndala. Akala wali. Akaomba tena.

Usiku Chiku akalala chini ya dirisha, nywele zimesukwa vizuri.

"Mama mdogo," akasema, "yule msichana ana dharau."

"Ana dharau sana," akasema Mama mdogo Tunu.

Akazima taa. Chiku akapata usingizi.