Kimio Hakikuwa na Kosa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwamvua hufagia uani, kisha huketi jamvini na bibi yake kunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha. Wawili hao wanaishi Tongoni, na muhogo haukuwahi kubaki kwenye sahani yao. Jumatatu moja ulibaki.

"Mbona huli?" Bibi aliuliza.

"Nimeshiba, Bibi."

Ulikuwa uongo mtupu. Koo lilimuuma tangu Jumamosi, hata kumeza mate ilikuwa kazi. Lakini angesema nini? Kwa Bibi, koo likiuma basi kimio kimerefuka, na dawa yake ni kukatwa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Binamu yake Masoud alikatwa mwaka jana, akatema damu kutwa nzima. Mwamvua akaona heri anyamaze.

Jumatano homa ilimwangusha darasani. Mwalimu alimpeleka zahanati, na Bibi akaitwa. Alifika akihema.

"Shikamoo, bibi," nesi Praxeda alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue. Ni kimio tu hicho, nampeleka akakatwe leo hii."

Mwamvua akaangua kilio. "Sitaki kukatwa, Bibi! Ndiyo maana sikukwambia!"

Nesi hakubishana. Aliwasha tochi, akamwambia Mwamvua apanue mdomo, akamwita Bibi achungulie.

"Hicho kinachoning'inia katikati ndicho kimio. Kizima kabisa. Sasa hebu tazama pembeni."

Pembeni mafindofindo yalikuwa yamevimba, mekundu, yenye madoa meupe ya usaha.

"Hiyo ni kazi ya bakteria," nesi alisema. "Wadogo hata macho hayawaoni. Koo hili lisipotibiwa, baadaye hata moyo wake unaweza kuugua."

"Moyo?" Bibi alishika kifua. "Kwa kuanzia kooni?"

Nesi aliuliza kama penisilini imewahi kumdhuru Mwamvua. Bibi akasema hapana. Basi nesi akamdunga Mwamvua sindano moja ya dawa hiyo kwenye tako. Iliuma, tusidanganyane.

Ijumaa homa ilikuwa imekwisha. Mwamvua alikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa, akaomba tena. Bibi alimwongezea huku akistaajabu. Jumatatu alimrudisha zahanati ili aone kwa macho yake. Tochi ikawashwa. Madoa yote yalikuwa yametoweka, na kimio kiko palepale.

"Subhanallah!" Bibi alinong'ona. "Sindano moja tu?"

"Moja tu, bibi. Dawa inayostahili ugonjwa." Nesi akamgeukia Mwamvua. "Na wewe, usifiche tena maradhi kwa hofu. Ukiumwa, sema siku ileile, tukutibu mapema."

"Usimlaumu mtoto," Bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyemtia hofu. Wajukuu watano nimewapeleka kwenye kisu, na hakuna hata mmoja niliyewahi kummulika koo."