Kamba ya Berthe

"Viazi visifike sokoni."

Ujumbe mfupi. Ngalula aliuelewa mara moja: kile kipande cha kombora kisifike uwanja wa ndege wa Beni.

Taabu ni kwamba simu yake yenye ujumbe ilikuwa mkononi mwa Mister Reed, aliyemsomea kwa sauti. Na Ngalula mwenyewe, jasusi mashuhuri kutoka Kasai, alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha Land Cruiser ya Reed, mikono imefungwa kwa waya wa plastiki, koti limetupwa juu yake. Amekamatika kama kuku wa Noeli.

Milango imefungwa. Vioo vyeusi. Butembo inazidi kubaki nyuma.

Mkoba ulikuwa magotini mwa Reed. Ndani yake kilikaa kipande cha kombora lililopiga shamba la maharage kule Vuhovi na kuua watu waliokuwa wakivuna. Kilikuwa na namba ya kiwanda. Bila chuma hicho mahakama haina neno, na nchi kubwa ya Reed ingesema haijui lolote.

Reed alikuwa na furaha. Alimweleza kwamba sheria ni uzio wa mbuzi. Tembo haulizwi amepita wapi. Na leo hii wangepanda ndege pamoja, kwenda mahali pasipo na wakili.

Ngalula akavuta waya. Waya ukamng'ata.

Hakuna njia.

Gari likasimama.

Kamba ya nailoni ilikatiza barabara. Kando yake, ndoo za maji ya klori na sabuni. Ebola ilikuwa imerudi. Kambere, dereva, mtoto wa Butembo aliyemzika mama yake bila kumgusa, hakufikiri hata kidogo. Alizima injini, akachomoa ufunguo, kufuli za milango zikafunguka, akashuka kunawa.

Reed akamfokea arudi. Povu lilikwisha kumfika Kambere viwikoni.

Berthe, muuguzi wa kizuizi, akagonga kioo. Reed akaonyesha kadi ya ubalozi: gari hili haliguswi, ni sheria ya dunia nzima.

Ghafla tembo kakumbuka sheria.

"Gouverneur anashukaka hapa, papa," Berthe akasema. "Général anashukaka. Mikono yako weye iko ya nini?"

Nyuma, malori ya viazi ya Lubero yakapiga honi. Vijana wa pikipiki wakasogea. Reed akagusa bastola yake, Glock. Akawahesabu. Akaichomeka tena kiunoni, akashuka na mkoba.

Kunawa kunataka mikono miwili. Mkoba ukakaa kwenye benchi.

Berthe alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Akainua koti, akaona waya. "Mikono ya kufungwa haiwezi kunawa," akanong'ona. "Donc, basi, nakata."

Mkasi ukalia. Ngalula akashuka taratibu, akamjia Reed kwa nyuma.

Reed alihisi kiuno chake kimekuwa chepesi. Akageuka, sabuni ikimchuruzika vidoleni. Glock ilikuwa mkononi mwa Ngalula.

"Hamuwezi kunipeleka mahakamani," Reed alisema.

"Najua. Weye utarudi kwenu. Hii chuma ndiyo itabakia kusema, na iko na namba yenu."

Risasi akazimwaga ndani ya ndoo. Kisha akanawa, polepole, mpaka viwikoni, akachukua mkoba na kupanda pikipiki ya kwanza.

"Butembo," akasema. "Kwa procureur wa mahakama."

Reed akanyanyua mguu kumfuata. Berthe akamsimamishia kipimo cha homa usoni.

"Bado, papa. Kichwa."