Vumbi Jeupe kwenye Kipimahewa

Gari la wagonjwa lilinasa katikati ya foleni ya magari kwenye barabara ya hospitali, king'ora kikilia mpaka kikachosha masikio, na mama aliyekuwa ndani akajifungua palepale huku dereva akipiga usukani ngumi. Mtoto alilia, mzima wa afya. Lakini mpelelezi ambaye wenzake kituoni walimwita Shangazi hakutaka kusikia habari za bahati.

"Nani kayapeleka magari yote kwenye barabara ya hospitali?" aliuliza, hata hajamaliza kuingia chumba cha kuongozea taa za barabarani.

"Mtambo wenyewe, afande." Mhandisi alikuwa akitokwa jasho. "Taa zetu zinasoma hewa. Moshi ukizidi pale makutano ya shule, zinageuza magari yapite kwingine. Asubuhi hii kipimahewa cha pale kilipanda ghafla. Na jana vilevile."

"Moshi wa magari una gesi. Gesi nayo ilipanda?"

Mhandisi akakodolea macho kioo cha kompyuta. "Haikupanda! Vumbi peke yake."

Shangazi akageuka kuelekea mlangoni. Kumbe kuna mtu kaudanganya mtambo!

Kipimahewa kilining'inia kwenye nguzo, katika uchochoro wa ubavuni mwa shule. Chini yake palikuwa na gereji, na fundi alianza kujitetea kabla ya kuulizwa.

"Najua mtasema ni mimi! Injini zangu zinafuka, sikatai."

"Zingepandisha gesi," Shangazi alisema. "Wewe endelea na kazi yako."

Mhandisi alipanda ngazi, akashuka na chujio la kipimahewa. Lilikuwa limejaa unga mweupe. Wote wawili wakageuka kutazama duka la mikate ng'ambo ya uchochoro, ambako mwokaji alisimama mlangoni, unga mpaka kwenye kope.

"Jamani, unga wangu nauza, siupeperushi!"

"Una siki?" Shangazi aliuliza.

Akaweka sahanini mafungu mawili: unga wa mikate huku, vumbi la chujio kule. Akadondosha siki. Unga ukalowa tu. Vumbi likachemka, likatoa povu.

"Chaki! Ndiyo inayotoa povu kwenye siki!" mhandisi alipaza sauti, na macho ya wote yakapanda hadi dirishani, ghorofa ya kwanza ya shule, mkabala na nguzo.

Lilikuwa darasa la kona, lenye madirisha pande mbili. Wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Mwalimu mmoja wa makamo, mwenye mvi, alikuwa akisahihisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni."

"Kifutio chako cha ubao unakikung'utia wapi?"

"Dirishani, kama walimu wote."

"Na ule mti mrefu nyuma ya mlango, uliofungiwa kifutio kwenye ncha, ni wa kufutia dari?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Umenipata, mwanangu." Akaelekeza kidole dirisha la upande wa barabara. "Magari yanasubiri taa hapo chini, yananguruma, moshi wote humu. Juzi mtoto kabebwa midomo imegeuka rangi. Nilimlalamikia huyu mhandisi, akaniambia mashine inasema hewa ni safi."

Mhandisi akatazama viatu vyake.

"Unajua magari uliyoyafukuza yalikwenda wapi?" Shangazi akamweleza yote.

Mwalimu akaziba mdomo. "Mtoto?"

"Mzima. Na mama yake. Vinginevyo ningekuja na pingu. Lakini kituoni lazima twende."

Kisha akamgeukia mhandisi. "Nawe, chombo umekitundika uchochoroni, moshi uko barabarani. Kihamishe sasa hivi, nikiona, na magari yasigeuziwe tena njia ya hospitali."

Mhandisi alipokwisha kukileta na kukifunga nje ya dirisha la upande wa barabara, simu yake ikaita; alikuwa mwenzake wa chumba cha taa. Alisikiliza, akaropoka, "Gesi imepanda! Gesi, si vumbi!"

Chini yao taa nyekundu ikakatishwa, ya kijani ikawaka. Magari yaliyokuwa yakinguruma yakaondoka, na darasani wakaweza kusikia watoto wakicheza uwanjani.

Mwalimu akachukua mkoba wake. "Twende kabla kengele haijalia. Sitaki wanione naondoka na polisi."

Shangazi akaupokea ule mkoba, akaubeba yeye.