Sauti ya Saa Saba

Studio ya picha ilikuwa imefurika, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Wanafunzi walitaka picha za vitambulisho, wachumba wawili waligombania rangi ya pazia la nyuma, na mtoto mmoja alikuwa analia kwa sababu ameambiwa asilie. Pembeni, ameegemea kabati la fremu, alisimama fundi wa lifti na ovaroli yake ya buluu iliyochakaa magotini. Alikuwa anasubiri filamu zake zisafishwe. Picha kwake zilikuwa starehe tu. Alikuwa na kamera ya zamani, na ukurasa wake mtandaoni aliouita Mawazo ya Farasi. Kila wiki aliweka humo picha moja, fumbo moja la sataranji, na maneno mawili matatu juu ya habari zilizovuma. Wasomaji wake wote wangeenea ndani ya lifti moja na nafasi ingebaki.

"Kaka, samahani, foleni inaishia wapi?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Fundi hakugeuka.

"Kaka? Au na wewe ni picha, umebandikwa hapo?"

Watu wakacheka. Akageuka taratibu, kama anayeitwa na mtu ambaye hataki kumwona. Mbele yake alisimama dada mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa, hereni za shaba zikicheza kila alipotikisa kichwa. Mzuri, hilo halina ubishi. Lakini si uzuri uliomfanya fundi amkazie macho.

"Inaishia kwangu," alisema. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Heh! Wewe ni daktari wa masikio?" Dada akacheka. "Haya, nasema: nina njaa, viatu vinanibana, na hii foleni haisogei. Umeridhika?"

Ngoja niseme mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji. Fundi aliijua sauti ile kabla ya kuiona sura. Miaka michache nyuma alikuwa chini kabisa ya shimo la lifti, anapaka grisi, redio yake ndogo ameitundika kwenye msumari. Ilikuwa taarifa ya habari ya saa saba mchana. Sauti ile ikasoma habari ya basi la wafanyakazi wa kiwanda lililopinduka, ikataja majina ya waliofariki, na moja lilikuwa jina la mchumba wake. "Ndugu wa marehemu wote wamekwishajulishwa," ikasema, bila kutetemeka, halafu ikahamia kwenye bei ya mafuta.

Na ni kweli, ndugu walikuwa wamejulishwa. Fundi hakuwa ndugu. Alikuwa bado hajajitambulisha kwao binti, alikuwa anajivuta, anasema mwezi ujao, mwezi ujao. Nani angempigia simu? Tangu siku ile redio haikuwashwa tena, lakini sauti haikuondoka. Kila mlango wa lifti ulipojifunga nyuma yake, aliisikia ikisema wamekwishajulishwa.

Sasa imesimama mbele yake, inalalamikia viatu.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye aliomba namba ya simu.

*

Walianza kuzungumza kila jioni. Mtangazaji alimwita Farasi, kwa sababu ya ule ukurasa wake, na yeye akamwita mtangazaji Sauti. Msichana alilipenda jina hilo kuliko yote aliyowahi kupewa. Alidhani ni la mapenzi, na kwa namna fulani lilikuwa hivyo.

Walicheza sataranji kwa simu, kila mmoja na ubao wake mapajani.

"Nakula askari wako wa kati, mpenzi. Pole."

"Mle tu, Sauti. Nilikuwa simtaki."

"Na ngome yako je? Nayo huitaki?"

"Bora malkia yupo."

"Farasi wangu, wewe una ugonjwa! Nakupa tubadilishane malkia, unakataa. Unamlinda mpaka jeshi zima linakwisha. Sasa mfalme wako ana nani? Amekufa, nimeshinda!"

Fundi alicheka. Alishindwa kila mara kwa namna ile ile, na kila mara aliahidi kubadilika. Kisha alimwomba asimulie siku yake yote, hata upuuzi, hata aliyemkanyaga mguu njiani. Alisikiliza macho yamefumbwa. Alikuwa na hesabu yake ambayo hakumwambia mtu: sauti hiyo ikisema maneno mengi mengine, ikiomba chumvi, ikimtania, ikiimba vibaya, lile neno moja litafukiwa. Lakini kila walipoagana na simu ikakatika, neno lilikuwa palepale.

Akampiga picha nyingi. Kwenye ngazi za maktaba, dirishani, sokoni kati ya ndoo za maua, amevaa skafu nyekundu. Mtangazaji alizipeleka nyumbani, akazitandaza kitandani mbele ya dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu asiye na maneno ya kuremba.

"Nzuri," dada alisema. Akaziangalia tena. "Lakini mbona zote umefunga mdomo?"

Ilikuwa kweli. Hapa skafu imemfunika hadi puani, pale ana kikombe mdomoni, kwingine amejishika kidevu na vidole vimepanda juu ya midomo. Mtu anayeongea kwa kulipwa, na hakuna picha hata moja anayoongea.

"Labda anapenda ukinyamaza," dada akatania. "Wapo wengi wa aina hiyo."

Jioni alimuuliza kwa simu, kwa kucheka.

"Farasi? Upo?"

"Nipo. Sikugundua, Sauti. Wallahi sikugundua."

Na hakuwa anadanganya. Kesho yake alizitoa filamu zote, akazishika dirishani kuelekea mwanga, moja baada ya nyingine. Alitafuta mdomo ulio wazi na hakuupata. Mwaka mzima alidhani ni yeye anayechagua lini abonyeze kitufe.

*

Jumamosi moja mtangazaji alikuwa chumbani kwa fundi, anamenya chungwa, mara redio ya jirani ikapiga muziki wa kufungulia taarifa. Fundi aliinuka, akafunga dirisha.

"Joto lote hili unafunga?"

"Vumbi."

"Vumbi gani, na jana mvua imenyesha?" Akaweka chungwa chini. "Hebu niambie. Jana nilisoma habari gani?"

Fundi alirudi kulikaza komeo la dirisha.

"Juzi je? Hata siku moja umewahi kunisikiliza?"

"Kazini kuna kelele, mpenzi."

"Usiniite mpenzi sasa hivi. Wewe unaandika habari kila wiki! Uchaguzi wa watu wa mbali huko unauchambua, mgomo wa madaktari unaujua mpaka kikao kimeishaje. Magazeti unayameza. Ila habari ikipita mdomoni mwangu huitaki. Unanionea aibu? Au kuna mtu hataki unisikilize?"

"Hakuna mtu."

"Basi kuna nini?"

Hapo ndipo angesema. Maneno alikuwa nayo, yalimfika mpaka menoni. Lakini aliogopa, na mwoga akibanwa hutoa zawadi. Akasema, "Kesho twende kwa mama. Nataka akujue."

Mtangazaji alilainika. Kosa la fundi lilikuwa hilo, kudhani mama yake, aliyeisikia taarifa ile pia, ameisahau sauti.

Mama yake alikuwa mshonaji. Macho yalikuwa yamepungua, anashona kwa kupapasa, cherehani kaiweka karibu na mlango ili apate mwanga. Mtangazaji aliingia na gauni la heshima rangi ya kahawia, kitambaa kichwani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mguu wa mama ukasimama juu ya pedali.

"Marahaba." Akainua uso, akatega sikio. "Sema tena, mwanangu."

"Nasema shikamoo. Nimefurahi kukuona, mama."

"Wewe ni wa redio." Hakuuliza, alisema. "Ni wewe uliyesoma habari ya yule binti wa watu."

"Binti gani, mama?"

Mama akageuza uso kumtafuta mwanawe. "Hujamwambia? Umemleta mtoto wa watu mpaka ndani kwangu, na hujamwambia?"

Basi ikabidi aambiwe palepale, kati ya vitambaa na nyuzi. Fundi alisema yote, ajali ya basi, shimo, redio, majina, na lile neno la ndugu. Mtangazaji alisikiliza amesimama. Alipomaliza kusikiliza alimuaga mama kwa adabu zote, akatoka nje. Fundi akamfuata.

"Siku ile studio, ulinifuata mimi au uliifuata hiyo habari?"

"Mwanzo niliifuata sauti."

"Halafu?"

"Halafu sijui ilikuwa lini, Sauti, nikawa..."

"Usiniite hivyo!" Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Sasa nimeelewa picha zako. Mimi ninayeongea hunitaki. Unamtaka mimi aliyenyamaza, kabla hajasema. Na unajua kinachoniuma zaidi? Simkumbuki. Nasoma vifo kila siku, najaribu hapa nimkumbuke mchumba wako yule, na sikumbuki hata jina lake."

Akaenda zake, na fundi hakuthubutu kumshika mkono.

*

Simu hazikupokelewa. Ukurasa wa Mawazo ya Farasi ukakaa bila picha, na msomaji mmoja, labda wa mwisho, akauliza kama mwenyewe amefariki.

Mtangazaji hakuwa na nafuu. Dada yake alimwambia, "Wewe ulisoma tu, hukumuua mtu," na alijua hivyo, lakini haikumsaidia. Sasa kila karatasi ya habari iliyowekwa mbele yake ilikuwa na mtu chini ya shimo. Alipotaja ajali alimwona anainua kichwa. Aliposoma majina alihisi kuna mahali fulani mtu ameacha kazi, ameshika spana, anangoja asikie. Waliokuwa wakisikiliza walisema siku hizi anasoma polepole, anasoma vizuri. Hawakujua kwamba anaogopa.

Na fundi? Fundi alimkosa. Sauti aliyoikimbia miaka yote sasa ndiyo aliyokuwa na kiu nayo. Mchana mmoja, juu kabisa ya jengo la ofisi, ndani ya chumba cha mashine za lifti, alimwomba mlinzi redio yake. Akaiweka juu ya sanduku la vifaa, akaiwasha, akakaa sakafuni kama anayesubiri kudungwa sindano.

Saa saba. Muziki, kisha yeye. Alisoma habari za bunge, za bei ya nafaka, za mafuriko. Kisha akasoma kuhusu moto katika karakana ya mbao, na majina mawili.

"Ndugu wa marehemu..."

Akanyamaza.

Redio ilibaki inavuma. Si kikohozi, si karatasi kugeuzwa. Kimya kilirefuka mpaka fundi akainuka bila kujua ameinuka, akasema kwa sauti, peke yake kati ya mashine, "Maliza. Maliza, mpenzi, maliza."

"...wamekwishajulishwa," alisema mtangazaji, na sauti ilikuwa imepasuka. Kisha wakaweka wimbo.

Fundi alipiga simu hapohapo. Safari hii ilipokelewa.

"Ulinyamaza," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Nimesikia mwenyewe."

Akamsikia anavuta pumzi. "Ulikuwa unasikiliza? Leo? Farasi, umechagua siku gani! Mhariri ananiita, nahisi nitafukuzwa."

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Alifika na ovaroli yake na grisi mpaka viwikoni. Mapokezini pa kituo cha redio palikuwa na pilikapilika, watu wa matangazo ya biashara, wanamuziki na magitaa yao, mzee anayelalamika kwamba tangazo lake la mbuzi aliyepotea halikusomwa. Mtangazaji alishuka ngazi, blauzi nyeupe, macho mekundu. Mhariri alikuwa amempa mapumziko ya wiki, hakumfukuza.

"Sema ulichokuja kusema," alimwambia, "na usinidanganye, maana sina nguvu. Unanipenda mimi, au unalinda kaburi?"

Fundi alifikiri. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bila kujikinga.

"Kaburi lipo," alisema. "Nilidhani wewe utalifuta. Hukulifuta. Hata leo nimelisikia. Lakini uliponyamaza pale redioni, niliogopa kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Niliogopa umepatwa na jambo, na mimi niko juu ya paa huko, sina wa kumuuliza. Ungeanguka pale, wangempigia dada yako. Wangempigia mama yako. Mimi ningesubiri kusikia redioni tena."

"Farasi..."

"Nataka niwe mtu wa kupigiwa simu. Ukiugua, ukichelewa, ukikanyagwa mguu. Na siku ya mwisho pia, kama itatangulia kwako. Niambiwe kwanza, kwa jina langu, kama mume. Jumapili hii nataka nije kwenu nijitambulishe. Mwezi ujao sitaki kuusikia."

Mzee wa mbuzi alikuwa ameacha kulalamika.

"Watu wanaposa kwa mambo mazuri," mtangazaji alisema, analia na kucheka kwa pamoja. "Wewe unaniposa kwa msiba?"

"Ndicho ninachokijua."

Mtangazaji alimtazama. Aliiona hofu yake yote, na akajua kwamba haitaisha, kwamba huenda kuna asubuhi atamwita jikoni na huyu mwanamume atashtuka kabla ya kuitika. Alijua pia kwamba hana sauti nyingine ya kumpa.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, na fundi akaisikiliza mpaka mwisho.