Karatasi Aliyokunywa Mama Mkwe

— Hii si maandiko ya dini!

Baba Moussa aliinua karatasi juu, na ua mzima ukanyamaza. Wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, walishusha michi. Hidaya alikuwa ndiyo kwanza ameingia na sinia la vitumbua, zawadi kwa Mama Feza, mama mkwe wake mtarajiwa, akabaki amesimama mlangoni.

— Shemegi, unapiga kelele juu ya nini? aliuliza Mama Feza. Nilikuomba tu uisomee dua, mwanangu Hemedi aibebe kule Salamabila imulinde. Ile ingine niliiosha, nikakunywa maji yake. Tumbo yangu ikapona.

— Ulikunywa?

— Kombe, kama vile mama yangu alikuwa anafanya. Nililala vizuri kabisa.

— Kombe ya nini! Hii ni romani, kitabu ya hadithi! Iko mwanamuke anaongea na bwana yake mu jiko!

Kicheko kikalipuka uani. Mama Feza, mjane aliyeheshimiwa mtaa mzima mjini Kasongo, alishika kitambaa cha kichwa chake kana kwamba kimevuliwa mbele za watu.

Tuseme ukweli: pale uani wengi walizijua herufi za Kiarabu, maana walizisoma tangu utotoni. Lakini kuelewa maana yake, ni Baba Moussa tu, mdogo wa marehemu mume wa Mama Feza, aliyesoma Khartoum, na Hidaya aliyekuwa akimaliza chuo. Kwa wengine, kila kilichoandikwa kwa herufi zile kilikuwa kitakatifu. Mama Feza alipoziona karatasi mbili sakafuni kwa kina Hidaya, aliziokota kwa adabu, akazibusu, akaenda nazo nyumbani bila kumuuliza mtu.

— Hii mukono iliyoandika ni ya nani? Baba Moussa alifoka.

— Ni yangu, Baba, alijibu Hidaya. Nilinakili kurasa za masomo yangu. Siku ile sikujua kama Mama alizichukua.

— Na wiki yote mtaa ukisema kombe ya Hidaya imeponyesha, haukusikia?

Alisikia. Alikaa kimya, akiogopa kumwaibisha mama wa watu. Sasa aibu ilikuwa imekuja yenyewe, tena na mashahidi.

— Nilisikia, Baba. Nilifanya makosa kunyamaza.

— Basi harusi haiko tena! Hatuoi bibi wa kuchezea watu!

Hidaya hakuwa ametua hata lile sinia nyumbani kwao, simu ikalia. Ujumbe wa Hemedi, mchumba wake, mwenye butiki ya nguo Salamabila:

"Mama yangu anachekwa Kasongo yote juu yako. Baba mudogo amesema mambo iishe. Nakubali. Usinipigie."

Alipiga. Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikazimwa kabisa. Hapo machozi yakamtoka, ya uchungu mtupu, kwa sababu alimpenda yule mwanaume kweli.

— Mutukane! alisema Laetitia, rafiki yake wa chuo, aliyekuja mbio baada ya kusikia. Mwandikie kitu kitamuchoma!

— Hapana.

— Juu ya nini hapana? Unamuogopa?

— Laetitia, memwari yangu, ile kazi ya kumaliza chuo, inasema nini? Akili ya moyo. Watu wa mu romani za Kiarabu za siku hizi, vile wanatambua kitu kiko kinawauma ndani, na wanakisema bila kumuvunja mwenzao. Nimeyaandika yale yote, na siku yangu imefika nitukane?

— Wale ni watu wa karatasi!

— Mimi niko mutu wa nyama. Kesho naenda kwa Mama Feza.

— Watakufukuza.

— Wanifukuze nikishasema.

Asubuhi alimkuta Mama Feza nyuma ya nyumba, akichambua mchele peke yake. Hakukaribishwa kiti. Akakaa chini.

— Umekuja kumalizia kufanya watu wanicheke?

— Nimekuja kukuomba musamaha, Mama. Nilijua, na sikukuambia.

— Umeomba. Enda.

— Bado. Nataka ujue ulikunywa nini.

— Maneno ya bwana na bibi mu jiko. Nimesikia. Kasongo yote imesikia.

— Karatasi zote mbili ni habari moja, na Baba Moussa alisoma mistari mbili tu akakasirika. Bwana mwenyewe hakuwa mule, Mama. Alikuwa amekufa. Yule mwanamuke ni mujane.

Mkono wa Mama Feza ukasimama ndani ya mchele.

— Anamuambia nini?

Hidaya alikuwa akiyajua yale maneno kwa moyo. Akayatoa taratibu, kwa Kiswahili:

— "Umeondoka bila kuniaga. Watu wananiambia nishukuru. Sishukuru. Nimekukasirikia, na mutu wa kumuambia ni wewe tu."

Ungo ukamponyoka Mama Feza, mchele ukamwagika wote, na yeye akalia kwa sauti. Mumewe, Papa Asani, alikufa Lusangi, alikokwenda kununua mpunga. Homa ilimchukua kabla habari haijafika Kasongo, akarudishwa kuzikwa tu. Siku ya matanga watu walimsifu mjane huyu: hakutoa chozi. Tangu hapo ndipo tumbo lilipoanza kumuuma.

— Nilimukasirikia, Hidaya. Papa Asani aliniambia tu, "Narudi." Kumukasirikia maiti, mutu anasema hivyo kwa nani? Nilisema niko mubaya. Nilisema Mungu atanichapa.

— Hauko mubaya, Mama. Uliumia.

— Kumbe kulikuwa mwenzangu mu ile karatasi.

Alijipangusa kwa ncha ya kitenge, akatoa simu kifuani, akampigia mwanawe. Akaweka sauti juu.

— Hemedi, panda moto, pikipiki yoyote. Uje.

— Mama, juu ya ile bibi? Mimi nimeisha kumaliza naye.

— Wewe umeisha. Mimi sijaisha. Panda moto!

Hemedi aliingia kesho yake, vumbi tupu hadi kwenye kope. Baba Moussa na Hidaya nao walikuwa wameitwa. Mama Feza hakuwapa hata nafasi ya kukaa vizuri.

— Shemegi, mwenye kunywa ni mimi. Mwenye kuchekwa ni mimi. Kama mimi sijafukuza, wewe unafukuza kwa niaba ya nani?

— Lakini Kiarabu si kitu cha kuchezea, alisema Baba Moussa.

— Na ile kicheko ya watu, nani aliileta? Ungeniita pembeni ukanieleza. Ulisimama katikati ya ua.

Baba Moussa akasema kwa sauti ndogo:

— Nilipenda kuonyesha kama najua. Unisamehe, shemegi.

Hemedi akadhani na kwake kazi itakuwa rahisi. Akamgeukia Hidaya na tabasamu la wafanyabiashara.

— Bon, nisamehe basi. Tufunge mambo.

— Hapana, Hemedi.

— Hapana? Nimetoka Salamabila juu yako!

— Ulinitupa kwa ujumbe. Sitaki musamaha ya haraka. Niambie: siku ile, ulisikia nini ndani?

— Nilikasirika.

— Mbele hasira haijakuja, ulisikia nini?

Alitazama viatu vyake. Hidaya hakumsaidia. Alikuwa amekwisha kuamua: akijibu uongo, anaondoka, hata kama atalia mwaka mzima.

— Haya, alisema Hemedi mwishowe. Nilisikia aibu. Mama alikosea juu hajui Kiarabu, na mimi pia sijui. Nikaogopa. Nikasema, huyu bibi atakuja kunicheka mu nyumba yangu. Nikakimbia wa kwanza.

— Nilikucheka siku gani?

— Hata moja.

— Mimi niliumia, Hemedi. Sana. Lakini sasa naongea na wewe mwenyewe, na ni wewe huyu nilikuwa nakutaka tangu zamani.

— Unanikubali?

— Nakubali.

Mama Feza hakungoja wanaume wajadili. Alitangaza harusi Ijumaa ileile iliyopangwa.

Ijumaa hiyo, asubuhi, watu wakamtafuta mama wa bwana harusi wasimwone. Ngoma zilikuwa tayari, wageni wamejaa. Alirudi jua limepanda, kutoka upande wa makaburi, macho mekundu na kanga imelowa umande.

— Mama, ulikuwa wapi? aliuliza Hemedi kwa hofu.

— Kwa baba yako. Nimemuambia yote.

Akavuta pumzi, akapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wakasikia.

— Sasa, muniletee binti yangu!